Tupeane uzoefu: miti ya matunda uani kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Mkazi wa Kibena (mleta uzi)

Kamwene wakuu. Juni imeingia, huku Njombe tunalala na makoti. Uzi huu ni wa sisi wenye kiwanja cha kawaida cha kukaa. Mada za parachichi la biashara zimejaa kila kona, na kila anayeandika anapiga hesabu za maroli. Mimi nataka ya nyumbani: mti gani umeshika uani kwako, uko upande gani wa nyumba, baridi ya Juni mpaka Agosti inaufanya nini, na matunda unakula mwezi gani. Taja na ulipo, maana Ilula na Makete zote zinaitwa nyanda za juu, lakini mtu wa nyanya kule Ilula hajawahi kuamka akakuta mgomba umebabuka kama umemwagiwa maji ya moto.

Naanza na yangu. Nina mipichi, plamsi, epo na parachichi moja ya Hass. Kiwanja kimeinama kuelekea bondeni, na kwa nilivyoona, mteremko ndio unaoamua kila kitu. Hewa baridi ni nzito. Usiku inateremka polepole na kujaa chini kwenye vinyungu, vile vishamba vya bondeni. Wenzetu wa bondeni wanaamka na weupe juu ya majani, sisi wa juu kidogo tunakuta umande tu. Usiku wa kuogopa ni ule wa mbingu safi, nyota tele, upepo hakuna. Kukiwa na mawingu lala zako. Kwa hiyo parachichi iko juu kabisa ya kiwanja, epo na plamsi ziko chini kwa sababu zenyewe baridi zinaitaka.

Kuna jambo watu hawaliangalii: ukuta. Jirani yangu kajenga ukuta wa tofali upande wa chini wa kiwanja, hauna hata tundu. Baridi inateremka, inagota pale, inatuama ndani ya ua wake. Matunda damu yake, yaani nyanya za mti, yanakauka kila mwaka na anasema karogwa. Nimemshauri atoboe matundu chini ya ukuta, bado anafikiria.

Mzee wa Iwawa

Mleta uzi umeanza vizuri. Mimi niko Makete, nizungumzie epo, maana ndiyo inayowapa watu wengi tabu.

Epo nyingi za Ulaya zinahitaji saa 800 mpaka 1,000 na zaidi za baridi ya chini ya nyuzi 7, ndipo macho yake yaamke kwa pamoja. Huku kwetu usiku ni baridi kweli, lakini mchana jua linawaka na kufuta sehemu ya ile baridi. Ndiyo maana mtu anapanda mbegu ya epo la dukani, anatunza miaka na miaka, anapata mti wa majani na kivuli. Mbegu haifuati mama yake, na huyo mama mwenyewe katoka nchi ya theluji.

Zinazokubali kwetu ni zile zisizodai baridi nyingi. Mimi nina Anna, iliyozalishwa Israeli, na Dorsett Golden, iliyotokea Bahamas. Bahamas ni visiwa vya joto, hapo utaona wazi kwamba si kila epo ni ya barafu. Hizi zinaridhika na saa 200 au 300. Lakini pandeni zote mbili. Anna peke yake inazaa kwa kusuasua, inahitaji chavua ya mwenzake, na hizo mbili zinachanua wakati mmoja.

Sasa siri yenyewe. Epo kwetu haipukutishi majani yote yenyewe. Nusu yanaanguka, nusu yanabaki, mti haulali wala hauamki. Baadaye unatoa ua moja huku na jingine kule, mpaka Desemba una tunda bichi, tunda bivu na ua kwenye tawi moja. Mimi Julai nauvua majani kwa mkono, yote, moja moja, kwa uangalifu nisivunje jicho lililo kwenye kwapa la jani. Wajukuu wanasaidia, malipo yao ni viazi vya kuchoma. Mti ukishabaki mtupu unachipua kwa mkupuo mmoja. Tena, tawi linalosimama wima ninalivuta kwa kamba na kigingi mpaka lilale. Likiwa wima linakimbilia kurefuka, likilala linaleta maua. Watu wanapogoa na kupogoa, wakati kamba tu ingetosha.

Kijana wa Isyonje

Mzee shikamoo. Hiyo ya kuvua majani nimeisikia kwa wengi, leo ndiyo nimeelewa sababu yake.

Mimi niko Uporoto, viazi na pareto ndiyo maisha yetu. Parachichi changa huku ni kama kulea mtoto njiti. Hass iliyokomaa inavumilia mpaka nyuzi 2 hivi chini ya sifuri kwa muda mfupi, ila mche wa mwaka wa kwanza na wa pili unaungua ukiwa bado juu ya hapo. Nasimika fito nne kuzunguka mche, juu naweka kipaa cha majani makavu, pembeni gunia. Gunia lisiguse majani, likigusa linaganda nayo. Asubuhi jua likishapanda nalifunua, mche unahitaji mwanga.

Swali: matandazo. Wataalamu wote wanasema weka nyasi nyingi chini ya mti. Huku kwangu mche wenye matandazo mengi ndio uliungua zaidi kuliko ule uliokuwa na udongo mtupu. Nimechanganyikiwa.

Mwl. Mstaafu Mafinga

Marahaba kijana wangu. Hujachanganyikiwa, umeona sawasawa. Mchana udongo unakusanya joto la jua, usiku unalitoa juu kidogo kidogo, na joto hilo ndilo linaloukinga mche. Ukitandaza nyasi nene umeufunika udongo blanketi: haupati jua mchana, na usiku joto lake halipandi. Mche unabaki na hewa baridi peke yake. Matandazo ni mazuri sana kiangazi cha Septemba na Oktoba kwa kutunza unyevu. Ila mwishoni mwa Mei yasogeze pembeni, uache udongo wazi, na siku unayohisi usiku utakuwa mbaya, mwagilia mchana. Udongo mbichi unashika joto kuliko mkavu. Jalidi ikipita, rudisha nyasi zako.

Kwangu Mufindi adui mwingine ni milingoti, yaani mikaratusi. Uwanja mzima wa jirani ni milingoti, na ndani ya mita kadhaa kutoka mpakani hakuna mti wa matunda uliokua ukaridhisha. Mizizi yake inakunywa yote. Nilichimba mfereji mpakani, unakata mizizi, lakini kila baada ya muda inabidi kuufukua upya.

Mipichi yangu inachanua Agosti. Hapo ndipo roho inadunda, maana baridi ya mwisho inaweza kuja ua likiwa wazi, na ua la pichi likiganda unaliona katikati limekuwa jeusi. Tena usiupande upande wa mashariki wa nyumba. Ua lililoganda likipigwa na jua la asubuhi ghafla linaharibika zaidi kuliko lile linaloyeyuka taratibu kivulini.

Na pichi lazima ipogolewe kila mwaka. Inazaa kwenye kijiti cha mwaka uliopita tu. Usipokata, matunda yanahamia juu kwenye ncha, mwisho unayachuma kwa ngazi na ndege wameshakutangulia.

Mama Isyesye

Mimi niko mjini Mbeya, kiwanja kidogo, kwa hiyo kila mti umepewa ukuta wake. Juni na Julai jua letu limehamia kaskazini. Ukuta wa nyumba unaotazama kaskazini unapigwa jua kutwa nzima, tofali zinapata moto na zinaendelea kuutoa mpaka usiku wa manane. Hapo nimeweka limao na matunda damu. Upande wa kusini, ambako Juni hakuna jua kabisa, nimeweka plamsi, na mwenyewe anashukuru.

Matunda damu nawashauri akina mama wenzangu. Mche wa mbegu unaanza kuzaa ndani ya mwaka mmoja na nusu au miwili, ni miti michache itakayokupa haraka hivyo. Ila mizizi yake iko juu juu na matawi ni mepesi kukatika, upepo wa Agosti wa Mbeya mnaujua. Mti wenyewe hauishi miaka mingi, kwa hiyo uwe na mche mwingine unakuja nyuma.

Mnajua kwa nini chungwa la kwetu linapata rangi nzuri kuliko la Pwani? Ni usiku wa baridi. Chungwa la joto linaiva ndani huku ganda likiwa kijani. Baridi ndiyo inayoiondoa ile kijani. Kwa hiyo mteja wa Mwanjelwa anayesema "rangi nzuri, tamu" anajidanganya, la Muheza la kijani linaweza kuwa tamu kulizidi.

Mhehe wa Ipogolo

Sisi wa Ipogolo tuko chini kidogo ya Iringa mjini, embe zinatoka. Dada yangu wa Gangilonga kapanda mbegu ya mti huohuo, unachanua Julai, ukungu mweupe unakula maua, basi. Miaka yote kivuli tu. Kivuli kizuri lakini.

Kibarua wa Tukuyu

Naona wote mnalia baridi. Rungwe kwetu kero ni maji. Mvua haiishi, na parachichi haiwezi kusimama kwenye udongo unaotuama, mizizi inaoza na mti unaanza kukauka kutoka kwenye ncha za matawi kushuka chini. Ukishaona majani yamekuwa madogo na ya njano njano, ujue huko chini kumeshaharibika. Sisi tunapanda juu ya tuta, tunainua udongo kama kichuguu kidogo, na mti hauwi karibu na shimo la maji ya bafu. Wala jembe lisipite chini yake, mizizi inayolisha iko juu juu.

Wenye Hass moja uani kama mleta uzi: inazaa, lakini ukiwa na Fuerte, aina nyingine ya parachichi, jirani inazaa vizuri zaidi. Ua la parachichi linafunguka mara mbili, mara ya kwanza jike, mara ya pili dume. Hass inakuwa jike asubuhi, Fuerte inakuwa jike mchana. Nyuki anapata kazi kutwa nzima. Kwenye baridi ratiba hii inavurugika, ndiyo maana miaka mingine Njombe maua yanajaa na matunda hayaonekani.

Mkazi wa Kibena

Ndaga fijo mkuu. Kumbe ndiyo maana. Fuerte naitafutia nafasi.

Kuna aliyefanikiwa na nzi wa matunda? Pichi zangu za Januari zikikatwa zina funza.

Mwl. Mstaafu Mafinga

Yule nzi asili yake Asia, Afrika Mashariki alionekana mara ya kwanza 2003. Anapenda joto, kwa hiyo sisi anatuonea huruma kidogo, lakini pichi inayoiva mvuani anaipata tu. Mitego ya harufu inakamata madume peke yake, na anayetaga ni jike. Inasaidia, haimalizi. Kinachomaliza ni kuokota kila tunda lililoanguka, kila siku, na kulifukia nusu mita chini, au kulifungia kwenye mfuko mweusi juani mpaka funza wafe. Ukilitupa tu kwenye shimo la taka umewafugia.

Na majani ya pichi yakijikunja na kuvimba mekundu Septemba, msipige dawa wakati huo, mmeshachelewa, ni kupoteza hela. Dawa ya shaba inapigwa mti ukiwa mtupu, kabla jicho halijafunguka.

Kijana wa Isyonje

Naweza kubebesha epo juu ya mpichi? Mipichi ya kienyeji ipo mingi hapa nyumbani, inajiotea yenyewe.

Fundi wa Kubebesha

Haishiki dogo. Epo si ndugu wa karibu wa mpichi. Juu ya mpichi weka plamsi, inashika vizuri kabisa, au pichi bora zaidi. Epo unaitafutia shina la epo: hapo ndipo zile mbegu za epo la dukani zina kazi, otesha kwenye viriba, shina likifikia unene wa penseli libebeshe Anna. Kikonyo, yaani kijiti cha kubebesha, kikatwe mti ukiwa umelala, Julai, chenye macho matatu au manne, na kiungio kifungwe kabisa maji yasiingie. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungio ondoa bila huruma, hilo ni shina la mbegu linataka kurudisha nyumba yake.

Mzee wa Iwawa

Vikonyo vya Anna na Dorsett ninavyo. Mwisho wa Julai nitakata, kabla sijavua majani. Anayepita Makete aje achukue bure. Aje na gazeti la kulowesha na nailoni ya kufungia, na hiyo nailoni atajua mwenyewe kaitoa wapi tangu mifuko ipigwe marufuku 2019.