Mrejesho: Buti na koti la mvua, Lushoto hadi Mtae

Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri wa buti na koti la mvua kwa matembezi ya siku tatu milima ya Usambara. Nimerudi salama, asanteni sana.

Mlioniambia nijaribu buti jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, tena na soksi nene, mmeniokoa. Nilichukua namba 43 badala ya 42 yangu ya kila siku, na kwenye miteremko ya msitu wa Magamba vidole havikugonga mbele hata mara moja. Nilizivaa mtaani wiki mbili kabla. Mwenzangu alikuja na mpya kabisa. Siku ya kwanza tu visigino vikajaa malengelenge, akamalizia safari na katambuga. Nilimwonea huruma kwa kweli.

Koti la nailoni lilizuia mvua, ila jasho likabaki ndani nikalowa vilevile. Safari ijayo natafuta lenye zipu za kwapani. Suruali ya mvua niliipuuza, nikajuta: maji yalichuruzika miguuni hadi ndani ya buti. Nilizijaza magazeti usiku kucha, asubuhi bado zilikuwa na unyevu.