Linux kwenye TI-Nspire CX: kerneli inawaka, kisha inagoma kwenye fleshi

fundi_saketi:
Wakuu, naomba msaada. Kikokotoo ni TI-Nspire CX, si CX II. Ndless (inayoruhusu programu za nje kwenye kikokotoo) inafanya kazi na linuxloader2 (loader, yaani kipakizi cha Linux) inafunguka. Kerneli (kiini cha mfumo) imekompailiwa kutoka kwenye kodi rasmi ya Linux, na mfumo wa faili (Debian) uko kwenye fleshi ya GB 8, partisheni ya kwanza, ext4. Amri za loader ni hizi:

```
kernel /documents/linux/zImage.tns
dtb /documents/linux/nspire-cx.dtb.tns
cmdline root=/dev/sda1 console=tty0 console=ttyAMA0,115200n8
boot
```

Mistari inapita mingi kwenye skrini, ya mwisho ni hii:

```
Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)
```

Fleshi nimeichomeka moja kwa moja kwa waya wa OTG (unaokifanya kikokotoo kiendeshe vifaa vya USB). Kwenye kompyuta inasomeka vizuri. Nimebadilisha fleshi, bado. Nakwama wapi?

mwana_kerneli:
Mkuu, umeshavuka sehemu ngumu. Ukiona ujumbe wa VFS (sehemu ya kerneli inayofungua mifumo ya faili) ujue kerneli inawaka, na dtb (faili linaloieleza kerneli vifaa vya ndani) na skrini viko sawa, kwa hiyo hivyo viwili usiviguse tena. Anayebaki na skrini nyeupe tangu `boot` ndiye anayetakiwa kukagua dtb. Ya CX haifai Nspire za zamani zenye skrini ya kijivu, wala CX II, maana vifaa vya ndani ni tofauti.

`unknown-block(0,0)` maana yake wakati kerneli inatafuta mfumo wa faili, hapakuwa na diski yoyote iitwayo sda1. Ama imewahi kabla USB haijaamka, ama USB haioni kitu kabisa. Kuvitofautisha ni rahisi: ongeza `rootwait` kwenye cmdline, ili kerneli isubiri diski itokee. Ikiwa shida ilikuwa kuwahi, itaendelea yenyewe baada ya sekunde chache. Ikiganda kwenye `Waiting for root device /dev/sda1...`, shida ni ya pili.

fundi_saketi:
Imeganda hapo hapo, dakika kumi. Na juu yake hakuna mstari wowote wa `new full-speed USB device`.

mwana_kerneli:
Basi anza na umeme. Usitegemee tundu la kikokotoo kulisha fleshi. Weka habu ya USB yenye adapta yake ya umeme, fleshi ichomekwe kwenye habu. Ukiwa na mita, pima volti kwenye tundu la habu fleshi ikiwa imechomekwa: iwe kati ya 4.75 na 5.25. Ikishuka chini ya hapo, badilisha adapta kwanza.

Kisha waya. Ncha inayoingia kwenye kikokotoo lazima iwe ya OTG kweli, ile ambayo pini ya ID imeunganishwa na ardhi. Waya nyingi za mini-USB zinafanana kwa macho lakini pini hiyo iko wazi. Pima mwendelezo kati ya pini ya nne na ya tano: waya wa OTG utalia, wa kawaida hautalia.

bi_moduli:
Naongezea upande wa kerneli, maana hapa ndipo wengi wanapoteza siku. Fungua faili la `.config` (mipangilio ya kukompaili kerneli) uhakikishe haya yote ni `=y`, yaani yamo ndani ya kerneli yenyewe:

```
CONFIG_ARCH_NSPIRE
CONFIG_USB_CHIPIDEA
CONFIG_USB_CHIPIDEA_HOST
CONFIG_USB_STORAGE
CONFIG_BLK_DEV_SD
CONFIG_EXT4_FS
```

Yakiwa `=m`, yaani moduli (faili za pembeni), hayasaidii kitu. Moduli zinakaa ndani ya fleshi, na fleshi haifunguki bila moduli hizo. Ni kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Kama ARCH_NSPIRE haionekani kwenye menyu, umechagua ARMv7. Zima `ARCH_MULTI_V7`, washa `ARCH_MULTI_V5`, itatokea.

Ikishaamka, usishangae kasi. Draiva ya USB ya chipu hii inalazimishwa kukaa full-speed, yaani megabiti 12 kwa sekunde hata kwa fleshi ya kisasa. Huo si ubovu wa waya.

kalamu_na_karatasi:
Samahani kwa kuingilia. Hii inawezekana kwenye TI-84 Plus?

mwana_kerneli:
Hapana. TI-84 Plus inatumia Z80 ya biti 8, Linux haiwezi kukaa humo. Kwa familia hiyo angalia KnightOS, mfumo ulioandikwa kwa ajili ya Z80. Tuendelee na Nspire.

fundi_saketi:
CHIPIDEA_HOST ilikuwa imezimwa na USB_STORAGE ilikuwa `=m`. Nimerekebisha na kuweka habu yenye adapta. Sasa fleshi inaonekana, ext4 inafunguka, halafu:

```
Kernel panic - not syncing: Attempted to kill init! exitcode=0x00000004
```

bi_moduli:
init ni programu ya kwanza inayowashwa na kerneli, na namba hiyo inasema kwa nini imekufa. 4 ni ishara ya SIGILL: prosesa imepewa agizo isilolijua. Debian uliyoweka ni toleo la armhf, sivyo? armhf inataka ARMv7 yenye kitengo cha hesabu za desimali. Prosesa ya kikokotoo chako, ARM926EJ-S, ni ARMv5TEJ, na ndani ya Nspire haina kitengo hicho. Kerneli iliwaka kwa sababu yenyewe haitumii hesabu hizo na uliichagulia prosesa sahihi. Programu za kwenye fleshi hazikupata bahati hiyo.

Thibitisha kwenye kompyuta, ukiwa ndani ya saraka ya fleshi:

```
readelf -A bin/ls | grep -E 'CPU_arch|VFP_args'
```

Ukiona `v7` na `VFP registers`, futa fleshi yote uanze upya. Kubadilisha faili moja moja hakutakufikisha.

Ushauri wangu, acha Debian kwa sasa. Kwa RAM ya MB 64 tumia Buildroot (zana ya kujenga mfumo mdogo wa Linux), na kwenye menyu yake chagua: ARM (little endian), aina `arm926t`, EABI, soft float (desimali bila kitengo hicho), na BusyBox (amri za msingi ndani ya programu moja). Ukishikilia Debian, chukua armel (toleo la ARM zisizo na kitengo hicho):

```
debootstrap --foreign --arch=armel
```

Na usisahau kumalizia hatua ya pili (`--second-stage`) chini ya QEMU (kiigizaji cha prosesa) kabla ya kupeleka fleshi kwenye kikokotoo. Ukiiruka, `/sbin/init` haitakuwepo kabisa.

Kwa faida ya watakaosoma uzi huu baadaye: `0x0000000b` ni SIGSEGV (programu imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa). `0x00007f00` ni init iliyotoka na 127, mara nyingi ni hati ya shell iliyoita amri isiyokuwepo.

fundi_saketi:
Ni kweli, ilikuwa armhf. Nimejenga ya Buildroot. Hakuna panic tena, ila mistari inaishia `Run /sbin/init as init process` na skrini inabaki hivyo.

mwana_kerneli:
Haijaganda. Inaongea na waya wa serial. Ukiweka `console=` mara mbili, ya mwisho ndiyo inakuwa `/dev/console`, na kwako ya mwisho ni ttyAMA0, yaani serial; skrini ni tty0. Geuza mpangilio:

```
cmdline root=/dev/sda1 rootwait console=ttyAMA0,115200n8 console=tty0
```

Halafu kwenye `/etc/inittab` ya fleshi uwepo mstari huu:

```
tty1::respawn:/sbin/getty 38400 tty1
```

Vitufe vya kikokotoo vinahitaji `CONFIG_KEYBOARD_NSPIRE=y`. Kwa kuandika amri ndefu chomeka kibodi ya USB kwenye habu hiyo hiyo, na uwashe `CONFIG_USB_HID` na `CONFIG_HID_GENERIC`.

Kabla ya kuzima andika `sync` kisha `umount -a -r`, ndipo ubonyeze kitufe cha reset nyuma. Mfumo wa TI utarudi kama ulivyokuwa, kwa sababu loader inaiweka Linux kwenye RAM tu. Ndless utaifungua upya kabla ya kuita loader tena.

fundi_saketi:
Imekubali. `login:` iko kwenye skrini, kibodi inaandika, na `uname -m` inatoa `armv5tejl`. Asanteni sana wakuu.