Hoja ya vita dhidi ya Irak, 2003: nini kilionekana wazi kabla ya bomu la kwanza?

Nanga_Kuu

Wakuu, habari za saa hizi. Kila serikali kubwa inapoanza kusema adui wa mbali ana silaha za hatari na muda unakwisha, tunagawanyika mafungu mawili: wanaoamini yote na wanaokataa yote. Mimi natafuta namna ya kupima.

Tuchukue Irak. Vita vilianza 20 Machi 2003, na silaha za maangamizi zilizotajwa hazikupatikana. Sitaki yale yaliyofichuka miaka ya baadaye. Mtu asiye na siri yoyote ya serikali, mwenye magazeti na taarifa za Umoja wa Mataifa tu, angeona nini kabla ya siku ile? Naomba madai mahususi, yalipimwaje, na yalivunjikia wapi.

Fundi_Vyuma

Mkuu, anza na dai linaloshikika mkononi. Maneno kama "tishio linaloongezeka" huwezi kuyapima, lakini mrija una kipenyo.

Serikali ya Marekani ilisema Irak inaagiza mirija ya alumini ili itengeneze mashinepewa, yaani silinda zinazozunguka kwa kasi kubwa kurutubisha urani ili iweze kutumika kwenye bomu la nyuklia. Habari ilitoka gazetini 8 Septemba 2002, na siku hiyohiyo makamu wa rais, Dick Cheney, akaizungumzia kwenye televisheni. Sasa utazame mrija wenyewe: kipenyo cha nje milimita 81, unene wa ukuta milimita 3.3, urefu milimita 900, aloi ya 7075-T6, na juu una utando wa kuzuia kutu. Irak ilikuwa na roketi ya milimita 81 iliyoigwa kutoka roketi ya Kiitalia, na mirija ya roketi hiyo ilikuwa ya aloi na vipimo hivyohivyo.

Kwa mashinepewa, ukuta wa milimita 3.3 ni mnene mno. Silinda inayozunguka haipati nguvu zaidi kwa kunenepeshwa, inaongezewa uzito tu, na uzito huo unaangukia beringi na mota. Ndiyo maana rota, yaani ile silinda inayozunguka, huwa na ukuta mwembamba, wa milimita moja hivi au chini yake. Tena kabla ya 1991 Irak ilishafika kwenye rota za chuma maalumu na za nyuzi za kaboni. Kurudi kwenye alumini nene ni kurudi nyuma.

Shirika la Nguvu za Atomiki, IAEA, lilisema hadharani 27 Januari 2003 kwamba mirija hiyo inalingana na kazi ya roketi, na kwamba bila kufanyiwa marekebisho haifai kwa mashinepewa. Siku tisa baadaye, 5 Februari, Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliipeleka tena mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ila yeye mwenyewe akakiri kwamba wataalamu wanatofautiana. Ukisikia neno hilo, uliza hapohapo: kati ya hao wanaotofautiana, ni nani anayezijua mashine hizo kwa kuzijenga? Ndani ya serikali ya Marekani, watu wa mashinepewa wako Wizara ya Nishati, na wizara hiyo ndiyo iliyopinga. Upinzani wa wataalamu hao uliandikwa gazetini Septemba ileile ya 2002, lakini kwenye kurasa za ndani ambako wasomaji wengi hawafiki.

Karatasi_Kavu

Naongeza lile la Niger, kwa sababu linafundisha kupiga hesabu ya mzigo. Rais Bush wa Marekani, katika hotuba yake ya 28 Januari 2003, alisema serikali ya Uingereza imegundua kwamba Saddam Hussein, rais wa Irak, alitafuta urani nyingi Afrika. Nyaraka zilizozunguka zilitaja tani 500 kutoka Niger.

Fanya hesabu. Urani ya Niger hutoka kama unga kwenye mapipa ya chuma. Pipa likibeba kilo 400, tani 500 ni mapipa 1,250, sawa na malori 25 ya tani 20, kutoka Arlit jangwani hadi bandari ya Cotonou nchini Benin, karibu kilomita 2,000. Migodi ilikuwa chini ya kampuni zilizoongozwa na Wafaransa pamoja na wabia wa nchi nyingine, na uzalishaji wa mwaka mzima ulikuwa kama tani 3,000. Kwa hiyo moja ya sita ya mazao ya nchi ingebidi itoweke bila mbia hata mmoja kuuliza.

Halafu kuna jambo ambalo hata mimi naona lilipaswa kuwa kichwa cha habari: Irak tayari ilikuwa na takriban tani 550 za unga wa aina hiyo kwenye kituo chake cha nyuklia cha Tuwaitha, chini ya lakiri za IAEA. Kilichokosekana kilikuwa mtambo wa kuurutubisha. Ukiletewa dai, uliza: kitu hiki kikiongezwa, uwezo wa adui unabadilika?

Nyaraka zenyewe IAEA ilizipata Februari tu. Tarehe 7 Machi mkuu wa IAEA, Mohamed ElBaradei, aliliambia Baraza kwamba si halisi. Barua moja ya Oktoba 2000 ilikuwa na saini ya waziri wa mambo ya nje aliyeondoka madarakani mwaka 1989. Kosa la namna hiyo linaonekana kwa kulinganisha jina na orodha ya mawaziri. Kauli ya ElBaradei ilikuwa hadharani siku kumi na tatu kabla ya vita.

Nanga_Kuu

Asanteni sana. Sasa lipo lile lililowashawishi wengi: lita kadhaa za vijidudu vya kimeta na tani kadhaa za sumu "ambazo hazijulikani zilipo". Irak iliwahi kuwa nazo kweli na iliwahi kudanganya. Hapo raia anashika wapi?

Mtunza_Ghala

Anashika kwenye tofauti ya leja na ghala. Irak ilikiri kuzalisha lita 8,500 za kimeta. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa wa miaka ya 1990 walikadiria kwamba ingeweza kuzalisha hadi lita 25,000. Pengo hilo ni la karatasi. Linasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba vyote viliteketezwa, halisemi vipo. Hans Blix, mkuu wa wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa, alilirudia hili mara nyingi, lakini kwenye hotuba za kisiasa "hakijathibitishwa kuteketezwa" kiligeuka "anacho".

Kisha angalia chanzo kinachonukuliwa nusu. Hussein Kamel, mkwe wa Saddam aliyekimbilia Jordan mwaka 1995, alitajwa sana na serikali kama aliyefichua siri za Irak. Mahojiano yake na wakaguzi ya Agosti 1995 yalijulikana hadharani mwishoni mwa Februari 2003, na humo alisema silaha zilishateketezwa. Huenda alidanganya, sawa. Lakini huwezi kumfanya shahidi wako kwa sentensi moja na kumnyamazisha kwa inayofuata.

La mwisho ni kwenda kuangalia. Ukaguzi ulianza tena 27 Novemba 2002, na hadi wakaguzi wa Blix wanaondolewa walikuwa wamefanya kaguzi zaidi ya 700 katika maeneo zaidi ya 400. Walipata makombora ya Al Samoud 2 yaliyopita kikomo cha kilomita 150 na Irak ikaanza kuyaharibu 1 Machi chini ya usimamizi wao. Kwa hiyo ukaguzi ulikuwa na meno. Kuhusu dai la Marekani kwamba Irak ina maabara za silaha za vijidudu kwenye malori, Blix alisema 7 Machi kwamba walichoona ni maabara za kupimia vyakula na makontena ya kuchakatia mbegu. Kuhusu picha mbili za satelaiti za ghala alizoonyesha Powell kama ushahidi kwamba silaha zinafichwa, alisema 14 Februari kwamba zilipigwa kwa kupishana wiki kadhaa, na kwamba kuhamishwa kwa silaha pale kungeweza kuwa shughuli ya kawaida. Ukionyeshwa picha ya "kabla" na ya "baada", ulizia tarehe za zote mbili.

Bahari_Shwari

Ndugu zangu, hapa napinga kidogo. Mkishazoea hivi mtakataa hata onyo la kweli. Mwanzoni mwa 2022 Marekani ilisema Urusi itaivamia Ukraine, wengi wakajibu "kama Irak tu", na 24 Februari uvamizi ukaja. Mwaka 1962 picha za makombora kule Kuba nazo zilikuwa za kweli.

Karatasi_Kavu

Una haki, na mifano yote miwili inapita kwenye kipimo kilekile. Askari na vifaru mpakani mwa Ukraine vilionekana kwenye picha za satelaiti za kampuni binafsi, kwa hiyo mtu asiye serikali aliweza kuhesabu mwenyewe. Kuba, picha zilionyesha makombora yenyewe. Irak, picha zilionyesha paa na malori, na maana yake ikatoka kwa msemaji.

Tena tenganisha maswali mawili. "Anacho?" ni moja, "atatushambulia tusipomwahi?" ni jingine, na ushahidi wa la kwanza hutumiwa kana kwamba umejibu la pili. Kuna barua ya mkurugenzi wa CIA (shirika la ujasusi la Marekani), George Tenet, ya 7 Oktoba 2002, iliyotolewa hadharani kabla Bunge la Marekani halijapiga kura tarehe 10 na 11. Ilieleza kwamba kwa wakati ule Saddam alionekana kujizuia kuishambulia Marekani, na kwamba huenda angepunguza sana kujizuia huko akiona shambulio dhidi yake haliepukiki. Soma barua hiyo sambamba na hotuba za wiki ileile, mstari kwa mstari.

Fundi_Vyuma

Na kabla ya kusoma hotuba ya serikali, soma ripoti ya mkaguzi ya wiki hiyo kwanza. Ukianza na hotuba, kila mrija utauona rota.