Naombeni msaada: neno hili kwenye barua ya marehemu bibi linasomwaje?

Mjukuu wa Tanga: Wakuu, habari za leo. Bibi alipofariki tulikuta kashani mwake barua ya kaka yake kutoka Pemba, Kiswahili kitupu ila kwa herufi za Kiarabu. Chuo cha Kurani nilisoma utotoni, kwa hiyo naifungua mstari kwa mstari. Nimekwama hapa: "Nakuletea … kumi na baba mmoja kwa mkono wa nahodha. Uzianike tena, zisije zikatoa funza." Neno lenyewe ni herufi ghaini (gh) yenye alama ya dhuma (u), kisha herufi dali (d) yenye fataha (a). Nasoma "ghuda". Ni kitu gani, na kinatamkwaje? Arobaini ni Jumamosi, natamani niisome mbele ya ndugu wote.

Mwanachuo: Kwa Kiarabu ghudda ni tezi, lakini tezi za kuanika haziingii akilini. Isije ikawa "gunda", lile baragumu la pembe?

Pwani Moja: Baragumu halitoi funza, mkuu. Hicho ni chakula.

Bi Mkubwa wa Wete: Mwanangu, pole kwa msiba. Usiisome kama msahafu. Wazee waliandika Kiswahili kwa herufi zisizotosha sauti zetu. Ghaini moja ilibeba gh, g, ng na ng'. Dhuma ni u, na ni o vilevile. Na ile n inayotangulia d mara nyingi haikuandikwa kabisa. "Ndugu" utaikuta dali na ghaini tu. Sasa rudi kwenye neno lako: ng'onda. Ni samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi, akakaushwa juani. Ng' itokee puani kama ya ng'ombe. Usiitamke kama ngoma, watu wa Pemba watakaohudhuria hawatakuelewa.

Mjukuu wa Tanga: Shikamoo bibi, Mungu akuzidishie. Ila huyo "baba mmoja" ndiye aliyenitatiza zaidi. Nilidhani ni mzee wetu tusiyemjua, aliyesafirishwa na nahodha.

Bi Mkubwa wa Wete: Marahaba. Herufi be ilitumika kwa b na kwa p. Huyo ni papa, mwanangu. Papa mkavu.

Mjukuu wa Tanga: "Nakuletea ng'onda kumi na papa mmoja." Nimemsomea mama kwa simu sasa hivi, akaomba nirudie. Mstari wa tisa kuna ghaini nyingine. Nitaileta kesho asubuhi.