Watoto kupita majumbani siku ya Idi: nyinyi mnafanyaje?

Mama Nasra, Magomeni

Asalaam alaykum kutoka Unguja. Idi iliyopita mwanangu wa miaka 7 alitoka saa 3 asubuhi na wenziwe kwenda kutafuta sikukuu, zile sarafu za Idi. Kanzu nyeupe, kofia mpya, mkoba wa dadake begani. Saa 9 hajarudi, pilau limepoa. Babake kazunguka na vespa mpaka akamkuta ng'ambo ya barabara ya Uwanja wa Ndege, ndara mguu mmoja, mkobani shilingi 3,700 na kipande cha halua kimeganda na sarafu. Kuzibandua ilibidi nizitie maji ya moto. Barabara alivukaje? "Tulimfuata mkubwa wetu." Mkubwa wao ana miaka 9!

Sitaki kumnyima sikukuu, na mie nimekua hivyohivyo. Ila zamani kila nyumba ukimjua mwenyewe. Sasa nusu ya mtaa ni wapangaji, na pahala pamoja watoto walifukuzwa kwa maneno ambayo siyaandiki hapa.

Wifi yangu yuko Marekani. Anasema kule wana Halloween, tarehe 31 Oktoba, watoto wanavaa vinyago usiku wakigonga milango kuomba peremende. Wazazi wengine wamechoshwa na giza na magari, basi wanaegesha gari zao uwanjani, kwenye kanisa au skuli, wanafungua buti na kuzipamba, watoto wanapita buti hadi buti. Hayo mambo ya mizuka wabaki nayo wenyewe, lakini hilo la buti limenikaa kichwani.

Nyinyi mnafanyaje? Asiniambie mtu niwafungie ndani watazame TV.

Kijana wa Wete

Waalaykum salaam. Sisi sote kwa bibi. Anakaa barazani na sarafu kwenye bakuli, mstari unaanza na mdogo, unambusu mkono ndiyo upewe. Wakubwa hujaribu kurudi mara ya pili. Bibi macho hayaoni vizuri, lakini sauti anazijua zote. Jioni tunawapeleka Tibirinzi kwenye bembea, basi.

Baba Khamis

Mpeleke Kariakoo yetu jioni, kwenye uwanja wa bembea. Si lazima siku ya kwanza, sikukuu ina siku nne. Na namba yako ya simu muandikie kwa peni mkononi, ndani ya mkono wa kanzu. Wangu alipotelea kwenye lambalamba, nikapigiwa simu hata sijajua kama kapotea.

Bi Mwanaisha

Wanangu, miye nna wajukuu. Mtoto kupita majumbani siku ya Idi si kuomba, anakwenda kutoa mkono. Asipopita, jirani atamjulia wapi? Mkiwafungia wote, visheti vyangu nimkaangie nani? Wajukuu zangu wanatoka na dada yao wa miaka 14, nyumba kumi, ninazitaja moja moja kabla hawajavaa viatu. Ikiadhiniwa adhuhuri wawe wamerudi.

Mama Nasra, Magomeni

Bi Mwanaisha, visheti vyako vimenichoma. Nimekwenda kuzungumza na majirani, na Idi hii inshaallah kichochoro chetu kitakuwa na baraza tano, kila baraza mkeka na mwenyewe kakaa. Watoto watapita baraza hadi baraza, mkono wanatoa, barabarani hawafiki. Shemeji ataegesha keri yake, kigari chake cha mizigo, mdomoni mwa kichochoro vespa zisiingie. Na buti nimelipata papo hapo! Nyuma ya keri tutamkalisha babu yao, kwa sababu baraza hawezi kupanda siku hizi, na yeye agawe sikukuu zake.

Wapangaji nao nimewagongea. Mmoja fundi cherehani kutoka Tabora, kumbe siku zote alikuwa akiona watoto wanakuja mlangoni hajui wanataka nini. Ameahidi kashata.

Limebaki moja. Watoto wanafika 40, baraza tano na keri, kila pahala mia tano moja moja. Hizo ni sarafu 240, na dukani kwetu hata chenji ya mkate unapewa pipi. Nazipata wapi?

Baba Khamis

Kwa makonda wa daladala. Lakini uwahi, wa njia yetu mke wangu keshamwekea oda.