Arobaini ya mke wangu: niseme nini nisirudie ile historia ya msibani?

Mwana Korogwe
Wakuu habari za saa hizi. Mama watoto alinitoka mwezi uliopita, arobaini tunafanya wiki ijayo hapa nyumbani. Siku ya mazishi ilisomwa ile historia ya kawaida, kazaliwa, kasoma, kaolewa, kaacha mume na watoto wanne, akaugua, akafariki, Bwana alitoa Bwana ametwaa, dakika mbili kwisha. Simlaumu aliyeandika, hata mimi kichwa hakikuwepo, ila yule aliyesomwa pale angeweza kuwa mtu yeyote. Huyu mama alikuwa mhudumu wa afya ya jamii wa kujitolea, mshahara haujui, akiitwa semina anapewa nauli basi. Kaunta buku lake lipo kabatini, watoto wa mtaa mzima wamo, nani kachoma surua ya miezi 9, nani hajarudi kwa ile ya mwaka na nusu ambayo wamama wengi huisahau, na pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu "kumfuata jioni, baba yake mkali". Sasa mashemeji wanataka sare za vitenge, mimi nimepangiwa dakika tano niongee na si muongeaji.

Mama Zuu
Pole sana kaka, Mungu akutie nguvu. Hotuba usiandike. Chukua hilo daftari usome kurasa mbili tatu, ila majina usitaje, mambo ya kliniki ni siri za watu. Halafu maiki mpe jirani. Sisi kwa mama yetu aliongea mwanamke waliyekuwa wanagombana kila siku bombani, akaeleza mama alivyombebea mtoto usiku mpaka zahanati, watu wakacheka huku wanalia.

Kibarua wa Kijiji
Pole mkuu. Hao wamama nawajua, wanapita nyumba kwa nyumba na ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto, kijani yuko vizuri, njano mwangalie, nyekundu kituoni leo leo, na huko anakopita anafukuzwa na mbwa. Lakini watoto wako nao waongee. Mama wa jamii nyumbani huwa ana deni, waacheni waseme, msimgeuze malaika.

Mpare Halisi
Vitenge vya nini jamani!! Muongee na watu wa Damu Salama, wale wanaokusanya damu ya kuchangia, waje siku hiyohiyo, maturubai yapo, watu wapo. Mwanaume anatoa kila baada ya miezi 3, mwanamke 4, mradi ana miaka 18 na kilo zisipungue 50. Na wanaoihitaji sana hiyo damu ni wajawazito na watoto wadogo, si ndio haohao aliokuwa akihangaika nao?

Mwana Korogwe
Asanteni sana wakuu. Kibarua umegusa penyewe, nimemuuliza binti mkubwa kanijibu "baba, sisi tumekula ugali wa baridi kwa ajili ya watoto wa watu", akacheka, nimemwambia aseme hivyohivyo. Jirani wa kuongea nimempata, naye walikuwa hawaelewani kwa ajili ya kuku. Vitenge nimeshindwa, mashemeji zangu walishalipia jora. Hao wa Damu Salama nitawafuata hospitali ya wilaya Jumatatu, kuna mtu alishawaita kwenye shughuli ya familia? Wanataka watu wangapi ndio waje?