Lifti mpya kwenye bili ya mpangaji: mwenye jengo alazimishwe kuonyesha risiti?

Mama_Vitambaa: Jamani, nina duka la futi 400 mjini Nairobi. Juu ya kodi nalipa ada ya huduma: askari, usafi, maji, taa za ngazini. Sasa wakala kaleta salio la mwaka, mstari mmoja tu: "matengenezo". Kuuliza, naambiwa ni lifti mpya. Duka langu liko chini, mlango barabarani. Sheria isimlazimishe mwenye jengo kutoa risiti?

Wakala_Ngara: Mkataba ulitia sahihi mwenyewe. Ada ni ya jengo zima. Wengi shida yao si lifti, ni biashara kudoda.

Fundi_Luthuli: Kudoda? Mimi nafungua kabla askari wenu hajaamka! Dizeli ya jenereta tunalipa sisi, stima ikipotea linawasha ofisi yenu peke yake. Futa hiyo kauli.

Wakala_Ngara: Sijataja mtu.

Fundi_Luthuli: Umetutaja wote.

Hesabu_Safi: Mama, kukarabati lifti ni gharama ya mwaka. Kununua mpya ni kumwongezea mwenye jengo mali, na ukihama inabaki yake. Angalia kama mkataba unataja ununuzi. Halafu uliza wamegawa kwa futi ngapi, hapo ndipo wengi huumia kimyakimya. Jengo la futi 20,000, fungu lako ni asilimia 2. Wakigawa kwa zilizopangishwa tu, tuseme 12,500, unafika 3.2: unayalipia maduka matupu. Na wakidai VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, dai ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, KRA.

Mzee_Gikomba: Kuna ile sheria ya 1965 ya wapangaji wa maduka na hoteli, Sura 301. Mkataba usiozidi mwaka mmoja unalindwa.

Hesabu_Safi: Ni miaka mitano, mzee, na hata usioandikwa unalindwa. Akitaka kubadilisha masharti yakuumize, atoe notisi ya miezi miwili kwa fomu rasmi. Nawe upeleke pingamizi kwa Baraza linaloamua migogoro ya wapangaji wa biashara, kabla tarehe ya notisi haijafika.

Ghorofa_Mbili: Mimi ni mwenye jengo, Thika, na mmeshatuita wezi sote. Wapangaji wanne hawajanilipa ada na askari anadai mshahara. Pengo hilo alibebe nani?

Fundi_Luthuli: Hakuna aliyekuita mwizi. Lakini asiyelipa mdai yeye, usimsukumie jirani yake. Na choo je? Kwetu kina kufuli na mtu mlangoni anadai shilingi kumi, ilhali "usafi wa vyoo" uko kwenye bili!

Wakala_Ngara: Wateja wenu ndio wanaoziba vyoo.

Mama_Vitambaa: Heshima, kaka. Mteja wangu mjamzito alirudishwa hapo kwa kukosa sarafu. Nilikasirika mpaka nikatetemeka.

Mzee_Gikomba: Zamani choo cha jengo kilikuwa wazi kwa yeyote.

Wakala_Ngara: Na kilikuwa kinanuka mpaka barabarani, mzee wangu.

Hesabu_Safi: Pesa za mlangoni ni mapato ya jengo. Zitolewe kwanza kwenye gharama za usafi, kinachobaki ndicho mgawane.

Wakala_Ngara: Hizo kumi kumi ni za mama wa usafi, mwacheni naye ale.

Fundi_Luthuli: Basi mshahara wake ulio kwenye bili yetu anakula nani?